Kaa Chini Kwanza: Nachingwea hadi Narung'ombe na Kurudi

Jamani, mwenzenu nimerudi. Nilipowasha simu nikakuta grupu zima la darasa letu linauliza swali moja: Salma umepotelea wapi, umeolewa? Sijaolewa. Nilikwenda Narung'ombe kwa bibi yangu, nikarudi. Ni safari ambayo mtu mwenye pikipiki nzima angeimaliza kabla ya adhuhuri, ila mimi ilinikausha kama nimetoka Hija kwa miguu. Nayaandika yote mara moja, maana kuyasema kwa mdomo bado siwezi.

Nachingwea, kutoka kota

Kwa wasiojua, Baba ni sajini jeshini na mimi nimekulia kota. Nyumba zetu zimejengwa mbilimbili, zimeshikana ukuta. Ukipiga chafya huku, upande wa pili wanakuitikia. Upande wa pili wetu ndiko kwa akina Zuhura. Baba yake ni koplo, kikosi kimoja na Baba, na Zuhura ni mwenzangu tangu tunacheza rede kwa mpira wa soksi.

Kota ina sheria zake na unazinyonya na maziwa. Kwenye simu hutaji askari alipo, anakokwenda, hali yake wala atakaporudi. Hata kama yuko sebuleni anakunywa chai, akiulizwa kwa simu, jibu ni moja: yuko kazini. Halafu ipo gari. Watoto wote wa kota tunaijua. Land Cruiser ya kijani ikiingia getini polepole, mbele kakaa afande, nyuma kakaa shehe au padri, basi rede inakatika hapohapo na kila mtoto anatazama itasimama kwenye mlango wa nani. Nimeiona ikisimama mara mbili maishani mwangu. Milango yote miwili haikuwa yetu, na mara zote nililala nimeshika shati la Baba.

Mwaka huu, tangu watu wenye silaha walipoanza kuvuka mto na kuchoma vijiji vya mpakani, akina baba waliondoka na malori, na kota ikabaki ya wanawake. Wiki niliyoondoka ukaja uvumi kwamba gari la jeshi limelipuliwa. Ilirushwa sauti kwenye simu, mwanamume analia huku anataja majina nusunusu. Baba hapatikani. Baba yake Zuhura hapatikani.

Asubuhi nilimkuta Mama na mama Zuhura bombani, ndoo zimejaa zinamwagika, na hakuna aliyekuwa anazitazama. Waliponiona wakanyamaza. Mama akaingia ndani, akatoa begi la Baba la kijani, akaanza kunipakilia.

"Nenda kwa Bibi yako," akasema. "Kule mtandao hakuna, watu watamfikishia maneno yao aanguke bure. Mwambie baba yako hajambo, asisikilize ya watu."

"Kwani umeongea naye?"

"Salma. Mwambie hajambo."

Mama akiniita kwa jina badala ya "we mtoto", huwa mjadala umefungwa. Nikachukua begi.

Stendi nikamkuta Zuhura naye ana mkoba. Anapelekwa Masasi kwa mama yake mdogo, ati akamsaidie kuvuna mbaazi. Zuhura, ambaye jembe akiliona analipa shikamoo! Tulicheka sana. Tukanunua ming'oko ya moto, vile viazi pori vya kwetu, tukala kwa chumvi kwenye kipande cha gazeti, tukapigana vikumbo kugombania mnene.

"Atakayerudi wa kwanza amjazie mwenzake ndoo," akaniambia akipanda basi lake.

"Utazikuta tupu, mvivu we!"

Basi lake likatangulia. Mpaka hapo nilikuwa sijaogopa bado.

Barabara ya Ruangwa

Coaster yetu ilisimamishwa kwenye kizuizi kabla hata sijapata usingizi. Siku hizi vizuizi ni vingi, na begi la rangi ile ni balaa la kujitakia. Askari alilitazama, akanitazama mimi, akaniamuru nishuke.

"Hili umelitoa wapi?"

"La Baba."

"Lifungue."

Nikalifungua pembeni ya barabara, abiria wote wamejaa madirishani. Askari akaanza kutoa kimoja kimoja. Gauni, gauni lingine, ushungi mweusi, sweta, kanga doti nzima mpya ambayo hata haijakatwa, sare zangu za shule zimepigwa pasi. Nikaduwaa kuliko askari mwenyewe. Mama alisema nakwenda siku mbili tatu nipeleke salamu. Sasa sare za nini? Ushungi mweusi wa nini?

Askari akanirudishia vitu. Nilipopanda tena, gari zima lilikuwa linanitazama. Mama mmoja aliyekuwa amepakata kapu la samaki wakavu alinisogezea nafasi akaniuliza kwa sauti ya chini, "We ni mtoto wa kambini, eti? Hebu tuambie kweli. Ni wangapi?"

"Sijui, mama."

"Aa, mnajua nyie. Mmekatazwa tu."

Watu wanadhani mtoto wa askari anajua. Sisi ndio wa mwisho kujua! Nikageukia dirishani. Huko nje wakulima walikuwa wanapuliza mikorosho salfa, vumbi la njano limetanda, nami nikaanza kufikiri yale ambayo sikutaka kuyafikiri.

Babu yangu alipofariki nilikuwa darasa la tatu. Hakuna aliyeniambia amefariki. Niliambiwa anaumwa, twende tukamwone, na mimi njia nzima nikawa naimba juu ya lori, nimembebea embe. Tulipofika kaburi lilikuwa limeshachimbwa. Ndivyo tulivyo sisi. Habari ya kifo haipigwi simu, wala mtu harushiwi usoni. Anatumwa mtu, anakuja na maneno laini, anakwambia fulani hali yake si nzuri sana, kaa chini kwanza, umekula? Na watoto hutolewa nyumbani mapema, wakae kwa ndugu mpaka mambo yaandaliwe.

Watoto hutolewa nyumbani. Nikalikumbatia begi la Baba magotini, nikalibana. Yule mama wa samaki akaona, akanishika kiganja, hakuniuliza tena. Afadhali angeniuliza.

Malolo, ambako sikupanga kusimama

Ruangwa mjini sikula kitu. Nilinunua chapati nikaishika mpaka ikapoa, nikampa mbuzi. Dereva wa bodaboda niliyempata alikuwa jamaa wa makamo mwenye mdomo. Njia nzima alinichamba kwa kukaa upande kama bibi harusi. Alikuwa na mashine ya kupulizia mikorosho ya kushusha Malolo, tukapitia huko kwanza.

Tulipofika, tairi likaisha upepo. Wakati analiziba, watu wakaanza kukusanyika. Vijiji vyote viliambiwa mgeni aripotiwe, na mgeni mwenyewe ana begi la jeshi. Nikapelekwa kwa mwenyekiti wa kitongoji, mzee mwembamba aliyekuwa anafunga mafungu ya ufuta. Akanisalimia kwa Kimwera. Nikajibu kwa Kiswahili. Akaniuliza kitu kingine kwa Kimwera. Nikabaki namwangalia.

"Unakwenda wapi?"

"Narung'ombe, kwa bibi yangu."

"Bibi yako kabila gani?"

"Mmwera."

Watu wakaguna. "Mmwera gani hajui Kimwera?" akasema kijana mmoja mwenye panga. "Hao ndio wanaotumwa kupeleleza!"

Nyie, niliogopa. Ningewaelezaje kwamba kota tunaishi makabila yote na lugha yetu ni moja tu, hata matusi tunatukanana kwa Kiswahili? Mama alinikanya nisitaje kazi ya Baba njiani. Lakini panga ni panga. Nikataja jina la Baba, nikasema ni askari, mtoto wa Bibi Somoe wa Narung'ombe.

Nilitegemea kelele. Yule mwenyekiti akavua kofia yake. Akaweka chini mafungu ya ufuta, akamtuma mkewe kiti. Mkewe akaleta na maji kwenye kikombe cha bati, akayashika kwa mikono miwili kunipa.

"Kaa chini kwanza, mwanangu," mzee akasema. "Umekula?"

Kijana wa panga alishaliweka nyuma ya mgongo. Wanawake walikuwa wananitazama kwa macho yale. Jamani, niliwaogopa wakiwa na upole kuliko walipokuwa na panga. Nikasema kwa nguvu, "Baba hajambo!" Hakuna aliyekuwa ameniuliza. Mzee akaitikia taratibu, "Ndiyo, mwanangu. Hajambo. Kunywa maji."

Jamaa wa bodaboda hakunichamba tena baada ya hapo. Alipita kila shimo kwa uangalifu kama kabeba mayai, na tulipofika alikataa nauli. Nilimlazimisha mpaka nikalia, akakataa, akawasha pikipiki akaondoka.

Narung'ombe

Wanawake waliokuwa wakitoka kisimani ndio walioniona kwanza. Nilitaka kupunga mkono. Mmoja akatua ndoo, akaitazama njia nyuma yangu, akaona niko peke yangu na begi la Baba mgongoni. Akaweka mikono kichwani. "Mamaaa wee!"

Wengine wakapokea. Kilio kikanitangulia kijijini, mimi nakimbia nyuma yake nikipiga kelele, "Hapana! Baba mzima! Baba ni mzima!" Shangazi yangu Fatu, dada yake Baba, akatoka mbio akanikumbatia, kanga keshaifunga kiunoni.

"Ndiyo, mwanangu, mzima," akawa ananipapasa. "Mzima. Kaa chini kwanza."

Kila nilivyozidi kusema ni mzima ndivyo walivyozidi kulia. Nikaelewa mwenyewe. Mletaji wa msiba husema nini? Husema hayo hayo. Nimetumwa nikazime uvumi, kumbe mimi mwenyewe ndiye uthibitisho wake. Uvumi ulishafika siku iliyotangulia na walikuwa wanasubiri tu mtu wa kuutia muhuri.

Bibi peke yake hakulia. Alikuwa uani anapepeta ufuta, na aliendelea kupepeta. Nilipomshika miguu akaweka ungo chini.

"Umekula?"

Na yeye! Nikatikisa kichwa. Akanipa ugali wa muhogo na kisamvu, akakaa mbele yangu mpaka nikameza tonge la kwanza.

"Mama yako kasema nini?"

"Kasema Baba hajambo. Usisikilize ya watu."

Bibi akafikiri. "Mtu asiye na jambo hatumiwi mtoto kuja kusema hana jambo," akasema. Hakusema kwa ukali. Nikalirudisha tonge la pili sahanini.

Nyuma yetu Shangazi Fatu alikuwa ameshatoa mikeka, na maalimu wa msikitini alikuwa anavuka uwanja na juzuu kwapani. Bibi akasimama. Ni mfupi, ananifika begani, lakini sauti ile sikujua anayo.

"Fatu, kunja huo mkeka! Hapa hapalaliwi matanga. Mnamlilia mwanangu mmemwona wapi? Uchuro mwambie aliyeuleta arudi nao. Maalimu, karibu ugali, kisomo hakuna."

Watu walirudi nyuma, wengine wakinung'unika kwamba uchungu umempanda kichwani. Bibi akarudi kwenye ungo wake. Nilimwona anapepeta ufuta uliokuwa safi tayari.

Kwenye kichuguu

Narung'ombe mtandao unashika mahali pamoja, juu ya kichuguu nyuma ya msikiti, na siku ya kwanza haukushika kabisa. Siku ya pili asubuhi nikapanda, nikanyoosha mkono juu, simu ikaita. Mama akapokea.

"Mama, Baba..."

"Njoo na Bibi."

"Mama, niambie tu."

"Kesho, na gari la kwanza. Usimwache Bibi. Umesikia?"

Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelia mpaka akamaliza. Nyuma nilisikia watu wengi, na mtu anahesabu viti. Kisha ikakata, na haikushika tena.

Nilikaa juu ya kichuguu kile nikalia kwa kujiziba mdomo na ushungi. Baba ameniacha! Njoo na Bibi, bila sababu, na viti vinahesabiwa. Nani asiyejua maana yake? Nilimkumbuka anavyonifundisha kufunga kamba za viatu, mafundo mawili, ati fundo moja ni la raia. Nikafungua viatu vyangu nikavifunga upya, mafundo mawili, ndipo nikaweza kushuka.

Bibi alikuwa mlangoni. Sasa zamu ya kusema maneno laini ikawa yangu, na niliyajua yote bila kufundishwa.

"Bibi, Mama anasema twende Nachingwea. Baba anataka kukuona."

Akanitazama usoni muda mrefu. Alijua ni uongo. Alijua kwamba mimi najua kuwa yeye anajua.

"Basi nimkamatie kuku," akasema. "Mwanangu hali maharage ya jeshi nikiwepo mimi."

Kurudi

Bibi alipanda basi Ruangwa na jogoo wake mwekundu kwenye tenga, nguo yake ya Idi, mgongo umenyooka. Kwenye kizuizi alikuwepo askari yuleyule. Akaliona begi, akatuona sisi, akainamisha kichwa.

"Poleni, bibi."

"Pole ya nini?" Bibi akamaka. "Nani kakwambia nimefiwa? Nakwenda kwa mwanangu, askari kama wewe. Sijui nyie vijana mama zenu waliwafundisha salamu gani!"

Gari zima likacheka, askari naye. Mimi nilikuwa nimeshika chuma cha kiti cha mbele. Nilimwogopea Bibi. Nilifikiri akilifikia lile turubai ataanguka palepale na nitawazika wawili.

Turubai lilikuwepo. Tangu getini nililiona, la bluu, viti vya plastiki vyeupe, wanaume wamekaa kimya. Lilikuwa limefungwa kwenye nyumba yetu. Nikasimama. Bibi akanishika mkono akanivuta kama mbuzi wa kisirani, na jogoo wake anapiga kelele, na watu wanasimama kutupisha.

Tulipokaribia nikaona kwamba turubai lile lilikuwa katikati ya milango miwili. Nimewaambia nyumba zetu zimeshikana. Kamba moja ilifungwa dirishani kwetu, nyingine dirishani kwao.

Mama akatoka mlangoni kwetu. Nyuma yake, ndani, kwenye kiti cha sebuleni, Baba. Mguu umefungwa mpaka pajani, uso umevimba upande, magongo mawili yameegemezwa ukutani. Baba!

"Alhamdulillahi!" nilipiga ukelele. "Alhamdulillahi!"

Mama akanirukia akaniziba mdomo kwa kiganja. Alinibana mpaka meno yakanikata mdomo. Kupitia ukuta ule unaopitisha hata chafya nilimsikia mama Zuhura analia.

Mama alinieleza jikoni kwa kunong'ona. Asubuhi ile ya bombani walikuwa wameshapata fununu kwamba ndani ya gari lile walikuwemo waume zao wote wawili, mmoja amekufa na mmoja ameumia. Hakuna aliyejua nani ni nani. Wakakubaliana pale pale, kila mmoja amtoe mwanawe, wasikae sebuleni kuisubiri ile Land Cruiser. Walipakia mikoba yetu kwa pamoja, na vitu vile vile, Zuhura naye kawekewa ushungi mweusi. Gari lilipokuja likasimama katikati ya nyumba mbili, na hata hapo, Mama anasema, afande alitembea hatua chache kabla hawajajua anaelekea mlango upi. Baba aliletwa baadaye. Kwenye simu Mama hakutaja, kwa sababu ya sheria ile ile: askari alipo na hali yake havitajwi.

Bibi alikwenda kumpapasa Baba kichwa chote kama anatafuta chawa, akamkemea kwa kukonda. Kisha akamtazama jogoo, akamtazama Mama, akabeba tenga akatoka nalo kwenda mlango wa pili. Siku ile Baba alikula maharage.

Mimi nikachukua ndoo zao nikaenda bombani. Niliahidi kwa utani, lakini niliahidi. Nilikuwa narudi na moja kichwani, nyingine mkononi, nilipomwona Zuhura anaingia getini, mkoba begani, vumbi la Masasi miguuni. Naye ameambiwa njoo. Akasimama. Akaliona turubai, akayaona madirisha yote mawili yenye kamba. Akaniona mimi, macho yamevimba kwa kilio cha siku mbili, mdomo una damu.

Akatupa mkoba chini akanikimbilia. Maji yakatumwagikia sote. Akanikumbatia kwa nguvu zake zote, akaanza kulia kwa ajili yangu.

"Pole, Salma," akasema. "Pole, ndugu yangu. Mungu atakupa subira. Mimi nipo."

Nilifungua mdomo. Yalikuja maneno yale yale, ya Malolo na ya Narung'ombe, mengine sikuwa nayo.

"Zuhura, kaa chini kwanza. Umekula?"

Nyuma yangu nikasikia magongo ya Baba yakigonga kizingiti. Alikuwa anatoka akakae na wanaume chini ya turubai. Zuhura alimwona kupitia bega langu. Nilihisi mikono yake ikilegea mgongoni mwangu, mmoja, halafu wa pili.